Mchekeshaji na mada inayovuma: kwa nini utani mmoja unafika na mwingine unamrudia mwenyewe

Jambo zito likivuma mtandaoni, iwe ni bei kupanda, mgomo wa madaktari au kashfa ya kiongozi, haipiti nusu siku kabla wachekeshaji hawajalitia mdomoni. Vichekesho vyao vingi hupita kama upepo. Vichache hutaja kitu ambacho watu walikuwa wanakihisi bila kupata namna ya kukisema, na sentensi moja inabaki midomoni mwao hata habari yenyewe ikishasahauliwa. Vingine humrudia mwenyewe: kufikia jioni, mchekeshaji ndiye mada.

Tofauti hiyo huelezwa kwa maneno mepesi. Huyu ana ujasiri, yule hana adabu, siku hizi watu hawataniki. Maneno hayo hayamsaidii anayetaka kuelewa, sembuse anayetaka kuifanya kazi yenyewe. Mara nyingi sababu ni ya ufundi, na unaweza kuinyooshea kidole ndani ya sentensi: nani amelengwa, umepita muda gani tangu jambo litokee, anayecheka anacheka nini, na klipu imekatwa wapi.

Maandalizi ya bure

Kichekesho kina maandalizi na panchi. Maandalizi humweka msikilizaji kwenye njia fulani, panchi inamtoa humo ghafla. Kazi ngumu huwa kwenye maandalizi, maana lazima ueleze mambo bila kuchosha. Mada inayovuma hukutua mzigo huo. Watu wamekwishaiona video, wanamjua aliyesema, hasira au aibu wanayo tayari. Unaingia na neno moja tu, wanakuelewa.

Faida yake haizidi hapo. Kuvuma kunakupa wasikilizaji, kichekesho unakitafuta mwenyewe. Na kwa kuwa maandalizi hayo wamepewa watu wote, wengi hufika kwenye panchi ileile saa ileile. Ndiyo maana waandishi wazoefu hawaliamini wazo la kwanza. Wanaandika panchi kumi au kumi na tano za jambo moja, kisha wanazifuta zile za mwanzo bila huruma, kwa sababu ndizo kila mtu anaziandika wakati huo. Kabla ya kurusha, tafuta mtandaoni maneno mawili makuu ya panchi yako. Ukikuta watatu wameshaisema, iache, hata kama uliifikiria peke yako chumbani. Hakuna atakayeamini.

Tuchukue mfano mmoja tuufungue. Bei ya mafuta imepanda, na kiongozi amewaambia wananchi wafunge mikanda. Panchi itakayowajia wengi ni ya aina hii: "Gari langu sasa nimeligeuza banda la kuku." Inachekesha kidogo. Lakini anayechekwa ni mwenye gari aliyeishiwa, na aliyetoa agizo hayumo kabisa ndani ya sentensi. Sasa tazama hii:

"Tumeambiwa tufunge mikanda. Sawa, tumefunga. Liko wapi gari?"

Neno "mikanda" limebeba maana mbili. Ya kubana matumizi ndiyo aliyoikusudia kiongozi, ya mkanda wa garini ndiyo imefichwa. Kichekesho hakimpingi. Kinamtii, kinafanya alichoagiza, kisha kinauliza swali asilokuwa na jibu lake. Neno linalofichua siri ni "gari", kwa hiyo limewekwa mwisho. Ukisema "gari liko wapi?", watu wataanza kucheka kwenye "gari", na maneno mawili yanayofuata yatazama chini ya kelele. Kiswahili kinakuruhusu kulihamisha neno hadi mkiani mwa sentensi bila kuharibu sarufi, na ajabu ni jinsi wachekeshaji wengi wanavyoiacha nafasi hiyo ipotee.

Halafu unaongeza mkia: "Gari analo yeye. Na mkanda wake unaning'inia tu, haujawahi kufungwa." Mkia huo ndio unaoleta hoja, kwamba anayeagiza kubana habani. Ukiuondoa, umebaki na mchezo wa maneno. Ukianza nao, umetoa hotuba.

Kinachoweza kuua kichekesho hiki ni nukuu ya uongo. Kama kiongozi hakusema maneno hayo, au aliyasema miaka mitatu iliyopita kuhusu jambo jingine, umemjengea mtetezi wake nyumba nzima. Tafuta video ya asili, angalia tarehe, sikiliza dakika tano za kabla na tano za baada, na uitumie kauli yake neno kwa neno. Kazi hiyo haimalizi nusu saa. Angalia pia tofauti kati ya kutia chumvi na kutoa taarifa. Mkanda unaoning'inia ni chumvi, na kila mtu anaiona. "Ana magari kumi na mawili ya serikali" ni taarifa, na taarifa hudaiwa ushahidi hata ikitoka jukwaani.

Nani anabeba uzito wa kicheko

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba lenga wenye nguvu, waache wanyonge. Ni ushauri mzuri uliokatwa mfupi mno. Mtu mmoja anaweza kuwa mnyonge mbele ya mwajiri wake na mkandamizaji nyumbani kwake. Nesi anayelipwa vibaya na nesi anayemtukana mgonjwa wanaweza kuwa mtu yuleyule. Kwa hiyo kipimo kinachofaa zaidi ni cha kimakanika: tafuta neno lenyewe ambalo watu wanacheka wakilisikia, kisha jiulize neno hilo ni la nani. Kama mada yako ni wizi wa dawa hospitalini, lakini kicheko chote kinatoka kwenye lafudhi ya mgonjwa, mlengwa wako ni mgonjwa. Nia yako haiingii kwenye hesabu.

Lugha yetu nayo imeficha kipimo ndani ya neno. Mtani ni mtu wa pande mbili. Anayekutania, nawe unamrudishia. Unapomsema mtu asiye na maiki, asiyejua kama anasemwa, au aliye katika msiba, jambo hilo lina majina mengine, na "utani" si mojawapo. Mtego mkubwa wa mitandao uko hapa: mtu wa kawaida amenaswa kwenye video akilia, akianguka au akikosea neno, na video imevuma. Kiongozi alichagua kusimama mbele ya kamera. Huyu hakuchagua. Mwache, ugeuzie utani kwetu sisi tunaoirudia video yake mara kumi huku tukiandika "maskini". Hapo kuna kichekesho kirefu zaidi, na hakuna anayeumizwa mara ya pili.

Siku ya ngapi

Watafiti Peter McGraw na Caleb Warren walitoa mwaka 2010 maelezo ambayo wengi wa fani hii wanayakubali: watu hucheka pale kitu kinapokiuka utaratibu fulani, na papo hapo kikaonekana hakina madhara. Lazima yote mawili yawepo. Kisipokiuka chochote, hakichekeshi. Kikionekana kina madhara, kinachukiza au kinatisha.

Muda unaposogea, sehemu ya madhara ndiyo inayobadilika. McGraw na wenzake walilipima hilo kwa utani uliohusu Sandy, kimbunga kilichoipiga Marekani mwishoni mwa Oktoba 2012. Kabla hakijafika, watu waliona utani wake unachekesha. Uharibifu ulipojulikana, ukawachachukia, na ulikuwa chini kabisa siku ya 15. Ukapanda tena hadi kilele siku ya 36. Siku ya 99 ulikuwa umepoa, haukuwa unamgusa mtu tena. Namba hizo ni za kimbunga kimoja na nchi moja, usizifanye ratiba. Umbo lake ndilo la kujifunza: kuna dirisha, nalo halifunguki siku ya kwanza wala halibaki wazi milele.

Sasa weka mitandao pembeni ya umbo hilo. Mada nyingi huvuma siku tatu au nne. Kwenye msiba, basi, siku ambazo kila mtu anakusukuma uongee ndizo siku mbaya kuliko zote za kutania msiba wenyewe. Asiyeweza kujizuia ahame kutoka kwenye tukio aende kwenye mwitikio: picha za viongozi wakikabidhi msaada, kamati iliyoundwa kuchunguza kamati, taarifa ya kampuni iliyojaa maneno na isiyosema kitu. Bei, urasimu na agizo la kijinga havihitaji subira yoyote. Siku ya kwanza ndiyo siku yake.

Jukwaani, mada ya wiki iwekwe mwanzoni, dakika mbili au tatu, kama kipande kinachong'oka bila kubomoa kingine. Wako wanaofanya kosa la kukijenga kichekesho cha kufungia shoo juu ya jambo lililovuma. Miezi mitatu baadaye maandalizi yale ya bure yamekuwa deni: lazima usimame dakika nzima kuwakumbusha watu nani alisema nini, na panchi inafika imechoka.

Kicheko kilichokosea njia

Mwaka 2005 mchekeshaji wa Marekani Dave Chappelle aliacha kipindi chake cha televisheni akiwa na mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 50. Baadaye alieleza kwamba wakati wa kurekodi kipande kilichokusudiwa kuudhihaki ubaguzi wa rangi, mtu mmoja mweupe alicheka kwa namna iliyomtia wasiwasi. Hakuwa na hakika kama mtu yule anaucheka ubaguzi au anawacheka weusi.

Wasiwasi huo una msingi. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichunguza watazamaji wa Archie Bunker, mhusika mbaguzi wa televisheni aliyeandikwa ili achekwe. Wenye chuki kidogo walimwona ni mjinga. Wenye chuki nyingi walimwona ni mtu msema kweli anayewashinda wenzake kwa hoja. Mwaka 2009 watafiti wengine wakakuta jambo linalofanana kwa Stephen Colbert, mchekeshaji wa Marekani aliyekuwa akiigiza mtangazaji wa kihafidhina. Waliberali na wahafidhina walimwona anachekesha sawasawa, ila wahafidhina walielekea kuamini kwamba anajifanya tu kutania, na kwamba ndani ya moyo anamaanisha anayoyasema.

Kinaya, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha, hakimbadilishi mtu. Kinampa kile alichokuja nacho. Ukiigiza sauti ya mbaguzi, mnyanyasaji au fisadi, hakikisha mambo mawili. Mhusika alipe gharama inayoonekana: ajikanganye, ashindwe, aumbuke kwa kanuni yake mwenyewe. Tena alama ya kinaya iwe ndani ya sentensi ileile yenye panchi, si dakika moja kabla. Sababu ya hili la pili ni klipu.

Klipu ya sekunde arobaini iliyokatwa kutoka shoo ya saa moja huja bila maandalizi, bila uso wako wa kabla, bila kicheko cha ukumbi kilichokuwa kinawaambia watu hapa tunatania. Aliyeikata huenda hakuwa na ubaya. Alitaka tu ianze kwa kishindo. Kwa hiyo kikate kipande chako mwenyewe kabla mwingine hajakikata. Anza kwenye sentensi inayomtaja mlengwa, siyo kwenye panchi. Usiandike panchi kwenye maandishi ya juu ya video, maana unakuwa umeshaitoa kabla hujafungua mdomo. Acha sekunde mbili za sauti ya ukumbi mwishoni. Andika maneno yote chini ya picha, kwa kuwa wengi wanatazama simu ikiwa kimya, na neno moja likikosewa na programu ya kunukuu linaweza kugeuza maana yote. Kisha mpe mtu ambaye hakuja kwenye shoo aitazame mara moja, umuulize: "Nani anachekwa hapa?" Akisita, irudishe mezani. Baadhi ya wachekeshaji wakubwa hufungia simu za watazamaji kwenye vifuko hadi shoo iishe. Huo si uringo. Kichekesho cha kijamii kinahitaji kujaribiwa kikiwa bado kibovu, na hakiwezi kujaribiwa mbele ya kamera mia mbili.

Je, vinabadilisha chochote?

Swali hili hujibiwa kwa majigambo au kwa dharau, na ushahidi uko katikati. Mtafiti Robin Nabi na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba ujumbe uliokuja kwa utani husikilizwa kwa makini na hupingwa kidogo, lakini pia hupunguziwa uzito: "ni mzaha tu". Waliona dalili kwamba punguzo hilo huisha siku zikipita, na ujumbe unabaki. Upande wa giza nao umepimwa. Katika utafiti wa Thomas Ford na wenzake uliochapishwa 2008, utani wa kudhalilisha wanawake haukuwageuza wanaume wote. Ila wale waliokuwa na uhasama kwa wanawake tangu mwanzo walijiona wana ruhusa, na utayari wao wa kuchangia shirika la wanawake ukashuka. Wahenga walishaliona: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tazama mifano miwili ya Marekani. Juni 2014 mchekeshaji wa televisheni John Oliver alitumia dakika kumi na tatu hivi kueleza suala kavu kabisa, kanuni za usawa wa intaneti (zinazozuia kampuni za mtandao kupendelea tovuti fulani), akawaomba watazamaji waandike maoni kwa mamlaka ya mawasiliano. Mfumo wa kupokea maoni ukalemewa. Kanuni zikapitishwa Februari 2015, ingawa wanaharakati walikuwa wameshaipigania kazi hiyo kwa miaka na si haki kumpa yeye sifa zote. Desemba 2017 kanuni hizo zikafutwa. Kuvuma kulileta watu, hakukuwabakiza.

Jon Stewart, mchekeshaji mwingine wa televisheni, alifanya tofauti. Desemba 2010, mswada wa matibabu ya waokoaji waliougua baada ya mashambulizi ya Septemba 11 ulipokwama, aliwaketisha wanne kati yao studioni, akapunguza utani, akawaacha waongee. Mswada ukapita mwezi huohuo. Juni 2019, karibu miaka minne tangu aache kipindi chake cha kila siku, alirudi bungeni kutoa ushahidi kwa hasira isiyo na kichekesho hata kimoja, na mfuko wa fidia ukaongezwa muda hadi 2090. Kwa miaka mingi kati ya hapo mada hiyo haikuvuma popote. Yeye aliendelea nayo.

Jukwaani kuna dalili rahisi ya kujua uko wapi. Watu wakikubaliana nawe, wanapiga makofi. Ukiwashtua, wanacheka. Dakika tano za makofi bila kicheko maana yake umeanza kuhubiri, na waliobaki wanakusikiliza ni wale waliokwishaokoka. Hili huwapata hasa wachekeshaji walioajiriwa na kampeni, pale mteja anapoandika ujumbe kwanza na kumwomba mchekeshaji "auchangamshe". Mwombe akupe tatizo, aache ujumbe. Na kama umelipwa, sema umelipwa, maana watu wakija kugundua baadaye, hata vichekesho ulivyovitoa bure vitahesabiwa ni tangazo.

Bili inapokuja

Bassem Youssef, daktari wa upasuaji wa moyo, alianza kurusha video nyumbani kwake Misri mwaka 2011. Machi 2013, chini ya Rais Morsi, aliitwa kuhojiwa na kuachiwa kwa dhamana, na mamilioni wakawa upande wake. Morsi alipoondolewa Julai mwaka huo, Youssef alirudi hewani na kuwagusa watawala wapya. Sehemu ya watazamaji walewale walimgeuka, kituo kikasimamisha kipindi, na kufikia Juni 2014 alikuwa amekifunga kabisa. Watu wengi hupenda tashtiti, yaani kejeli kwa wenye nguvu, ya upande mmoja, na mchekeshaji hugundua hilo siku anapougeuza uso upande wa pili.

Nchini India, mchekeshaji Munawar Faruqui alikamatwa mjini Indore tarehe 1 Januari 2021 kwa tuhuma za kukashifu dini, akakaa ndani zaidi ya mwezi kabla ya dhamana. Waliokuwapo walisema hakuwa hata amefikia vichekesho vilivyolalamikiwa. Nchini China, Mei 2023, utani mmoja uliotumia kaulimbiu ya jeshi kuwaelezea mbwa wawili uliigharimu kampuni ya mchekeshaji yuani milioni 14.7 hivi. Adhabu iliipiga kampuni, na hapo wenye kumbi na wafadhili wote hujifunza kuogopa bila kuambiwa.

Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo ijue ya kwako kuhusu kashfa, dini, kesi iliyo mahakamani na makosa ya mtandaoni. Tunza video nzima ya kila shoo, siyo klipu pekee. Ndiyo ushahidi wako wa muktadha. Tunza pia chanzo cha kila nukuu. Ukiwa umekosea ukweli, sahihisha siku hiyohiyo kwa sauti ileile uliyotumia kukosea, na utaje kosa lenyewe. "Kama kuna aliyekwazika" humkera aliyekwazika na humwaibisha aliyekuwa anakutetea.

Mwisho, daftari. Kila kichekesho kilichofutwa kwa sababu ya muda, kiandikie tarehe na sababu. Agizo la kufunga mikanda litarudi bei ikipanda tena, pengine kwa mdomo wa mtu mwingine. Siku hiyo maandalizi yatakuwa bure tena, na panchi utakuwa nayo. Itabaki kuhakiki tu kama naye ana gari.